Swali Kutoka Safu ya Nyuma

Siku ya tatu ya tamasha. Kitambulisho cha karatasi
kimeshalowa jasho shingoni, na jina langu wamelikosea,
wamenizidishia herufi moja.
Sikusahihisha. Anayeingia bure hachagui tahajia.

Asubuhi nimeona filamu fupi nne kutoka Gulu.
Moja ya fundi redio asiyesema hata neno.
Moja iliyokatika umeme ulipokatika,
tukabaki gizani, watu mia na ushei, tukisikiliza jenereta
ikikohoa nyuma ya jengo, mgonjwa anayekana ugonjwa,
hadi mtu mmoja akaanza kutusimulia iliyobaki, kwa Kiganda,
kwa ile sauti ya vibanda vya video tulivyokulia:
mlio, kishindo, kicheko, tusi.
Nakwambia, hakuna aliyetaka umeme urudi.

Mchana, roleksi ya Wandegeya, mayai mawili na nyanya,
nimeila nimesimama, ratiba ndiyo sahani.
Mafuta yalilowesha saa kumi na moja jioni
hadi nikaiona ratiba ya kesho upande wa pili.

Saa kumi na moja ndiyo hii.
Mwongozaji yupo, safu ya mbele, kisogo kimenyolewa upya.
Filamu ni ya mwaka wa vita: nyumba moja, usiku mmoja.
Wenye nyumba wanaongea Kiganda polepole,
mtoto anapiga magoti akipokea sahani.
Kisha buti.
Kisha kitako cha bunduki.
Kisha: Fungua!

Neno moja la Kiswahili, na ukumbi mzima ukavuta pumzi.
Jirani yangu alikumbatia mkoba wake.
Hakuna aliyehitaji maandishi chini ya picha.
Mimi nilitazama viatu vyangu,
mtu aliyesikia jina la ndugu yake likisomwa mahakamani.

Maana neno hilo mimi nililikuta kambini, Jinja,
nyumba za bati za familia za askari,
mama yangu Driciru ameshika kijiko cha uji:
fungua, fungua mdomo, ndege huyo anakuja.
Mama Mlugbara, jirani Mnubi, ng'ambo Mteso,
kila mlango na lugha yake, na katikati, penye bomba la maji,
Kiswahili chetu kilichoteguka mgongo,
mutoto yangu iko nalia,
tukisameheana sarufi jinsi tulivyoazimana chumvi.

Taa zikawaka. Viti viwili, chupa mbili za maji.
Okurut, mwenye koti la kitenge, akamuuliza mgeni
kuhusu kamera, kuhusu bajeti, kuhusu mvua.
Akajibu vizuri. Alijibu vizuri mno.
Bwana mmoja akaomba kuuliza swali, akatoa hotuba.
Kisha kipaza sauti kikaja nyuma, kina joto la mikono ya watu.

Sikukusudia kuuliza kwa Kiswahili.
Huyo askari wako, nikasema,
lile neno alifundishwa na nani?
Alipokuwa mdogo, aliambiwa afungue nini?

Mtu akacheka, kicheko cha woga.
Okurut akatafuta mkalimani kwa macho.
Mwongozaji akainua kiganja: ameelewa.
Akakaa. Akafungua chupa, hakunywa.

"Nilikuwa na miaka sita," akasema, kwa Kiswahili kigumu,
kila neno analikanyaga kwanza kuona kama litambeba.
"Nilikuwa chini ya kitanda. Kutoka pale unaona buti.
Uso wake sijauona mpaka leo, dada.
Mama yake nitamtoa wapi?"

Hakuna aliyepiga makofi.
Okurut akatazama saa, muda umekwisha, tunashukuru.

Na nje, foleni ya saa moja, mvua imewakuta,
wakaanza kugonga ule mlango wa mbao kwa viganja:
Mutuggulirewo! Mutuggulirewo!
Hakuna aliyeshtuka. Kijana wa tiketi akavuta komeo, anapiga miayo.

Nikabaki kitini. Ya saa moja sijui ni filamu gani.
Kesho, nikichungulia kupitia mafuta, saa nne asubuhi:
sinema za watoto.